Baba Yako Uwanjani

Kwako binti yangu uliye mbali,

Huku tu wazima, ila baba yako amenichekesha hadi mbavu zinaniuma. Jumamosi timu yetu ilishinda nyumbani mabao matatu kwa mawili, na moja kati ya hayo mawili tulijifunga wenyewe. Kipa, yaani mdogo wako, alitaka kumrushia beki mpira, ukamponyoka ukaingia wavuni. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Unajua baba yako hasemi naye tangu mdogo wako aache kushona nguo naye dukani akafuata mpira. Basi shabiki mmoja nyuma yetu akapiga kelele, "Kipa gani huyu, mikono kama imepakwa sabuni!" Baba yako, aliyedai amekuja kunisindikiza tu, akapanda juu ya benchi. "Koma! Huyo ni mwanangu!" Akamshangilia peke yake mpaka filimbi ya mwisho.

Jioni mdogo wako aliingia kwa mlango wa uani, kichwa chini. Baba yako, sauti imemkauka, akasogea kando kwenye kochi kumpa nafasi.

"Kaa, mwanangu. Ule mpira wenyewe ulikuwa mjinga."

Nikakimbilia jikoni nilie kwa raha zangu.

Mimi mama yako, ambaye nyumba yake ina mazungumzo tena.