Sukari Niliyomtilia Nunow

Kijiji cha karibu na mto,
Garissa.
Alhamisi, 9 Februari 1967.

Mpendwa shemeji Warfa,

Assalamu alaikum. Sisi huku tu wazima kwa kiasi alichotupa Mungu, nawe nakuombea uwe mzima kutuzidi. Kile kifua kinachokubana wakati wa baridi ya Thika kimepungua? Na Qali, miguu imeacha kuvimba? Mwambie asisimame jikoni siku nzima, akae, wasichana wapike, wamekua sasa. Nauliza kwa moyo, si kwa kujaza karatasi.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize, maana nina hasira na sitaificha.

Barua yako aliyoileta Nunow, kijana wako wa kutumwa, nimeisoma mwenyewe, polepole, kwa kidole, mara tatu. Ile miaka miwili niliyosoma Isiolo inatosha kunijulisha mtu anaponitukana. Umesema nyumba inayowamwagia wageni sukari na maziwa haina haja ya mbuzi wa watu. Umesema biashara yako ya ngozi imelala, kila mtu siku hizi anapunguza matumizi, na mimi pia nijifunze kupunguza. Na Nunow awachukue wale mbuzi watatu uliotupa tukamue, awauze sokoni kabla malori hayajaondoka Jumamosi.

Nijifunze kupunguza! Warfa, mimi?

Gelle hawezi kukujibu. Wewe ni kaka yake mkubwa, na tangu utoto hajawahi kukuinulia sauti. Nilipomsomea barua leo aliangalia chini, akavaa viatu vyake, akatoka. Kwa hiyo najibu mimi. Kama ni kukosa adabu, uandike jina langu, usiandike lake.

Wewe uko Thika, ukitaka kiberiti unavuka barabara. Hapa vita hivi vimefunga njia zote. Kila kitu kinakuja na msafara wa malori yenye askari, na msafara usipokuja wiki mbili mwenye duka anataja bei yoyote inayomjia kinywani. Ukiuliza, anakwambia, "Mama, nenda basi kwa duka lingine." Duka lingine liko wapi? Anajua hakuna, ndiyo maana anacheka. Ratili ya sukari sasa ni bei ya ratili mbili na nusu za zamani. Samli hata sitaki kuitaja. Mdogo wako aliyekuwa akinunua ng'ombe Liboi na kuwaleta hapa, siku hizi anapasua kokoto za barabara, na si kila siku, ni siku wakimwita.

Nikwambie nilivyopunguza, maana naona hujui. Majani ya chai nachemsha, nayaanika kwenye ungo, nachemsha tena, naanika tena, mpaka maji yanakataa kugeuka rangi. Mchele tuliuaga kabla ya Ramadhani. Tunakula ugali wa ule unga wa manjano, mara moja kwa siku, baada ya adhuhuri, ili njaa ya asubuhi na ya jioni zigawane. Sabuni ni ya nguo ya Gelle ya kuswalia tu, nyingine nafua kwa majivu. Kiberiti sinunui. Naazima kaa la moto kwa jirani yangu Rukiyo, na kwake likizimika anaazima kwangu.

Kuni ambazo Mungu alimwoteshea kila mtu, siku hizi tunanunua. Kutoka nje ya ua wa kijiji bila kibali ni kutafuta risasi. Basi mimi na Rukiyo tunapika kwenye moto mmoja, chungu chake kikishuka changu kinapanda. Guntiino yangu ya kijani, ile nguo ya kujifunga niliyovaa Qali alipojifungua kifungua mimba, nimeikata nikamshonea mwanangu Shamso gauni mbili. Nimebaki na moja, na ikifuliwa ni lazima nijifungie ndani mpaka ikauke.

Hayo yote nimepunguza bila kufundishwa na mtu. Kitu kimoja sijapunguza, ni maziwa ya Shamso. Surua ilimkamata mwezi wa kumi. Mungu alituachia, lakini tangu siku hiyo ugali haukai tumboni mwake, anautapika wote. Ana miaka miwili na nusu na namfunga mgongoni kama wa miezi minane, na mgongo hausikii kitu. Dresa wa zahanati alimpima kwa macho akasema, "Mama, mpe maziwa, hakuna dawa nyingine." Kwa hiyo ninaposema mbuzi watatu, Warfa, elewa nasema nini. Huyu mtoto hana chakula kingine duniani. Ukiondoa mbuzi umeondoa mtoto.

Sasa nikueleze hiyo sukari.

Nunow alipokuja mara ya kwanza, baada ya Idi, ametoka kwako amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, Gelle alinivuta pembeni. Akaniambia, "Huyu ametoka kwa kaka yangu. Hawezi kunywa maji ya moto katika nyumba yangu." Unamjua mdogo wako. Hata tungekuwa tunalala juu ya mchanga angemwondolea mgeni mawe. Na mimi, nisiseme uongo, nilikubali haraka. Sikutaka Qali asikie kwamba kwa Kinsi chai ni nyeusi.

Nikaenda kwa Rukiyo. Yeye mimba yake ni ya miezi minane, na alikuwa ameficha sukari kidogo ndani ya kitambaa kwa ajili ya siku zake arobaini. Alinitazama tu, hakuniuliza. Akafungua kitambaa akanimiminia nusu. Samli nikaipata kwa mwanamke mwingine, kijiko. Mchele kikombe, kwa mwingine tena. Nikakamua mbuzi wote watatu, na maziwa yote ya jioni ile, yote, nikayatia ndani ya chai ya Nunow. Nikaweka na iliki.

Alikunywa vikombe vinne. Akafuta mdomo akasema, "Eddo, nyinyi hapa Garissa mnaishi kama masultani! Thika tunahesabu vijiko." Ananiita eddo, shangazi, kwa heshima, ni kijana mzuri. Na mimi nilicheka. Nilifurahi, Warfa. Nilijisikia mtu tena. Shamso alikuwa amelala mgongoni kwangu, tumbo tupu, amelia mpaka sauti imekatika, na mama yake anachekeshwa na mgeni.

Hilo kosa ni langu. Sikupi wewe, wala Gelle, wala Nunow. Nalibeba mimi, na kila nikimfunga yule mtoto mgongoni nalisikia. Lakini uliza mwanamke yeyote wa kwetu, kuanzia hapa mpaka Lafey, kama yeye angefanya tofauti. Wewe mwenyewe umekulia katika nyumba hizo. Ulijua kabisa mgeni hapewi kile nyumba inachokula. Ulijua! Ukachagua kusahau, kwa sababu kusahau kunakupa bei ya mbuzi watatu.

Jana Nunow alikuja tena, na barua yako mfukoni na kamba begani. Safari hii, nilipokwisha kuisoma, nilimpa chai yetu. Nilimpa ile ya majani yaliyoanikwa mara mbili, bila sukari, bila maziwa, ndani ya kikombe kilekile. Alionja, akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Eddo, mmegombana na mwenye duka?"

"Kunywa. Hiyo ndiyo chai yetu. Ile ya siku ile ilikuwa yako."

"Mbona hukuniambia?"

"Mama yako angemwambia mgeni wake hivyo?"

Akasema yeye ni mtu wa kutumwa tu, mwenye mali ndiye aliyesema. Nikamwambia mwenye mali ana miguu. Akajaribu kutania, eti, "Ana miguu eddo, lakini anaogopa msafara." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Nikamwambia akae palepale. Nikaleta mbuzi, nikakamua mbele yake mmoja baada ya mwingine. Huu ni ukame, Warfa, mbuzi hawaruhusiwi kwenda mbali na ua, wanakula maganda ya migunga na karatasi za dukani. Wote watatu hawakujaza kikopo kile kidogo cha maziwa ya unga. Nikampa Shamso akanywa. Alipomaliza alikigeuza kikopo juu chini akakilamba ndani, akaingiza na vidole. Nunow aliangalia upande wa mto. Akaiweka kamba kwenye mfuko wake, akaniuliza kama nina neno la kukuletea. Ndilo hili. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo usimgombeze kwa yaliyomo. Na usimlipishe kwa kurudi mikono mitupu. Aliyekataa kutoa mbuzi ni mimi.

Bado sijamaliza.

Umeandika "mbuzi wa watu". Sisi ni watu wa nani? Nilikuwa sitaki kulisema hili, lakini umenilazimisha. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinisimulia mwenyewe mwaka ule ngamia wenu walipokufa wote kule Buna. Wewe ulikuwa na miaka sita, Gelle ananyonya na ziwa limekauka. Abti yenu Korane, mjomba wenu, alimfungia mama yenu mbuzi wanne wa maziwa kwenye hema, kama watu wetu wanavyofanyiana siku zote, mnyama wake, maziwa yenu. Miaka minne walikaa. Korane mwenyewe alikuwa anauza ngozi za kulalia ili aishi. Je, alituma mtu kuhesabu mama yenu anatia nini kwenye chai? Alipopita kuwaona alikataa hata kukaa, akasema ana haraka, ili mama yenu asilazimike kumkamulia. Hiyo ndiyo adabu ya mwenye mali. Wewe umeipata mali, adabu umeiacha Buna.

Najua nimesema sana. Najua pia biashara yako imelala kweli, Nunow ameniambia ghala ni tupu na hata redio umeiuza. Ungeniandikia hivyo! Ungeandika, "Kinsi, tumekwama, saidieni," ningekaa na Gelle tutafute la kufanya, hata kama ni kukuletea yule beberu mdogo aliyezaliwa hapa. Hukuandika hivyo. Umeandika kama mtu anayemwambia kibarua wake. Umenifanya nimtolee Nunow umaskini wangu mezani kama bidhaa, nijitetee kwa kumlambisha mtoto kikopo. Hilo linaniuma kuliko mbuzi.

Na usifikiri nitakudhulumu. Mbuzi ni wako, sikatai, na mbele ya Mungu sitakataa. Siku Shamso akishika ugali tumboni nitakuletea mwenyewe, na vitoto vyao. Lakini kabla ya siku hiyo, ukiwataka, usitume mtu na kamba. Omba kibali, panda lori la msafara kama wenzako, uje. Sitapiga kelele na sitaita majirani. Nitamtoa Shamso mgongoni nikuwekee mikononi mwako, ujue ana uzito gani. Halafu mimi mwenyewe nitakwenda kukufungulia mbuzi, mmoja mmoja, na wewe umshike mpaka nimalize. Ukiweza kumrudisha mikononi mwangu na ukaondoka nao, nenda, sitakufuata.

Nisalimie Qali, huyu sina ugomvi naye hata chembe, mwambie nikipata nafasi nitamwandikia peke yake. Wasalimie wanao wote, wadogo wabusu kichwani. Gelle amerudi sasa hivi, ameketi mlangoni, hajaniuliza naandika nini na anajua. Anakusalimia, amesema kwa mkono tu. Rukiyo naye anakusalimia ingawa hamjuani.

Mungu akufungulie biashara yako, akupe riziki ya halali isiyomliza mtoto wa mtu, akukinge na baridi na njia mbaya. Nakuombea kweli, hata sasa nilivyo na hasira.

Ni mimi mke wa mdogo wako, ninayekupenda na leo siwezi kukutazama,

Kinsi, mama Shamso.