Gari la Kebo la Kendu Bay

Jumatano, 1 Aprili 2026

Siku ya Wajinga! Mvua ilitufungia ofisini asubuhi yote. Basi la Busia lilikosa abiria, mimi na Badru, mwenzangu wa kazi, tukabaki kwenye kaunta ya tiketi tukipiga soga. Akatoa simu, akatengeneza picha: visanduku vya rangi ya chungwa vinaning'inia kwenye waya juu ya ziwa, kutoka Dunga, upande wetu, mpaka Kendu Bay, ng'ambo. Picha safi — ungeapa umeviona kwa macho yako. Maneno niliandika mimi. "Gari la kebo laja! Hakuna mashimo, hakuna foleni, hakuna konda wa kukukanyaga. Mwenye kuku akae dirishani. Kutapika ni marufuku, chini kuna wavuvi."

Nikarusha kwenye grupu ya simu ya wapangaji wa ploti yetu hapa Nyalenda. Wueh! Simu ililia mpaka ikazima. Waswa wa nyumba ya kona akauliza stima ikipotea mtu anashuka na ngazi ama anaogelea. Mama Nakhungu akataka kujua kama pasta atapanda bure, maana ndiye atakayeombea waya.

Mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo sicheki.

Mzee Absalom alinisimamisha kwenye mfereji nikichota maji. Huyu ndiye fundi wetu wa nguo, cherehani yake iko hapo barazani, mlango wa kwanza. Ploti nzima inajua hapandi gari. Matatu, basi, tuktuk, hata bodaboda — hapana. Tangu ile ajali iliyomchukua mkewe, yeye akatolewa mzima bila hata mkwaruzo, anakwenda kila mahali kwa miguu. Ukimwambia kuna boti anasema maji hayana breki. Bintiye Becky ameolewa Kendu Bay. Amejifungua mvulana, wakampa jina la babu. Babu anamjua mjukuu kwa picha tu.

Mzee hana simu ya intaneti. Kuna mtu kamwonyesha ile picha.

"Jentrix nyara," akasema — huniita hivyo, maana yake binti yangu — "wewe si unafanya kazi ya tiketi? Hii kitu ya waya, huko juu kuna lori?"

"Hakuna, Mzee."

"Kuna mtu wa kuovateki?"

"Hakuna."

Akacheka kama mtoto. Yawa! Yawa! Akauliza wanaanza lini. Na mimi, badala ya kusema ni mzaha, nikasema bado wanapima.

Wanapima! Nani anapima? Mdomo wangu huu.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimetoka kanisani nikakuta watu wamejaa uani, wanatazama juu. Mzee Absalom alikuwa kwenye mnara wa tangi la maji! Suti ya kanisani, viatu vimeng'arishwa, amekumbatia chuma, macho ameyafumba.

Mama Nakhungu alipiga kelele, Baba shuka, utatuletea matanga siku ya Bwana. Mzee akajibu kutoka huko juu kwamba anajizoesha. "Hapa niko katikati ya ziwa! Niacheni nifike!"

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Waswa alichukua video. Nami nilicheka — ndiyo, nilicheka, niliinama kabisa. Halafu nikaona magoti yake. Yalikuwa yanatetemeka ndani ya ile suruali, naye hashuki. Alikaa tu. Akafungua jicho moja, akatazama upande wa ziwa, akalifumba tena.

Nikaingia ndani. 

Jumamosi, 4 Aprili

Badru anasema nimwambie Mzee ukweli. Nikamuuliza kwa nini asimwambie yeye, picha si ni yake? Akasema yeye alichora, mimi niliandika, na watu huamini maneno. Mjinga huyu! Lakini ni kweli.

Jioni nikaenda barazani nimejipanga. Mzee anashona kaptula ndogo sana, inatosha kiganja, kitambaa kilekile cha suti yake. Kabla sijafungua mdomo akauliza kama kwenye waya wanaruhusu mtu kubeba boga. Nikasema sijui. Akasema basi atabeba dogo.

Nikarudi na maneno yangu yote tumboni.

Jumatatu, 6 Aprili

Pasaka imepita hivyohivyo. Leo Becky mwenyewe amenipigia. Namba alipewa na babake. Sijawahi kuongea naye.

Akasema, dada, sijui mmemwambia baba kitu gani, anasema kuna gari jipya halipiti barabarani, mimi sielewi. Lakini amekubali kusafiri! Miaka yote nimemwomba, nimelia, mume wangu amekwenda huko mara ngapi. Mungu awabariki hapo kwenu. Mama mkwe ameshaanza kupaka nyumba udongo mpya.

Alikuwa analia. Nikasema amina. Amina! Kama mtu aliyefanya jambo zuri.

Singekuwa na huu mdomo ningekuwa mtu wa maana sana.

Jumanne, 7 Aprili

Nimemwambia.

Nilikaa kwenye kibao cha wateja, nikasema yote kwa mfululizo kabla sijaogopa. Kwamba hakuna waya. Kwamba Wazungu wana siku yao ya kudanganyana na sisi tukaichukua. Kwamba picha ni ya Badru na maneno ni yangu.

Hakunifokea. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani, na sindano haikuwa na uzi. Tak tak tak, kitambaa kinapita kitupu.

"Ploti yote walijua?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na siku ile nilipanda kwa tangi, walijua?"

 Akangoja. Kisha akasimamisha gurudumu kwa mkono na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba nimekalia kitambaa cha mteja.

Nikainuka. Heri angenipiga kofi.

Alhamisi, 9 Aprili

Cherehani imefunikwa gunia. Mlango una kufuli.

Mama Nakhungu alimwona alfajiri na begi mgongoni na boga kwenye mfuko wa nailoni. Akamuuliza, Baba wapi mapema hivi? Akasema mtoto hawezi kungoja waya. Akashika barabara ya Ahero, ile ya kuzunguka ziwa. Kwa miguu! Kendu Bay! Na huyu mama akamwacha aende, akidhani ni mzaha mwingine. Sote tumekuwa watu wa mzaha.

Bosi amenipa ruhusa, uso umekunjamana. Badru anawasha pikipiki. Nimetia daftari kwenye mkoba sijui kwa nini.

Ijumaa, 10 Aprili

Katito. Niko kwenye benchi la mama wa chai, njia panda ya kwenda Kendu Bay. Miguu yangu siyo yangu.

Tulimkuta jana mbele kidogo ya Ahero, kando ya mashamba ya mpunga. Anatembea ukingoni kabisa mwa lami, magari yanampepea koti. Badru akamsihi apande pikipiki. Mzee akampita kama anavyompita ng'ombe. Badru akaomba msamaha, akaangua kilio pale barabarani, mtu mzima na helmeti yake. Mzee akamshika bega, akamwambia arudi kazini. Kwangu hakusema kitu.

Basi nikashuka. Nikamwambia Badru aende. Nikafuata.

Yeye mbele, mimi nyuma. Makonda wanatoa vichwa madirishani, "Mama na Mzee, nafasi mbili!" Mimi mwenyewe huwaita watu hivyo kila siku. Sikuwahi kujua jinsi inavyosumbua! Kuna mmoja alipunguza mwendo akatufuata pole pole akituimbia hadi abiria wake wakamfokea. Mzee alitabasamu kidogo — nilimwona kwa upande. Nilipotaka kumpokea boga akalihamishia mkono wa pili.

Jioni kina mama wa kanisa moja kando ya barabara walitupokea. Wakaniuliza huyu ni baba yako?  Mzee ndiye aliyejibu: "Ni jirani." Tu. Nimelala na hilo neno.

Leo tumetembea tena, na hapa miguu yake ikakataa. Mama wa chai alimvua viatu, akasema Uwi! akaleta beseni la maji ya chumvi. Vidole vimevimba kama viazi. Kendu Bay bado ni mbali. Nikaona anaijua barabara iliyobaki na anaijua miguu yake.

Matatu ya Kendu imesimama mbele yetu, inajaza. Mzee aliitazama muda mrefu, miguu ndani ya beseni. Kisha akainuka, bila viatu, akaenda, akashika mlango kwa mkono mmoja. Akasimama hivyo. Konda akataka kumsukuma ndani kama tunavyofanya, nikamkemea. Mzee akauachia mlango. Akarudi. Akakaa.

"Jentrix."

Mara ya kwanza tangu Jumanne! Siyo nyara. Jentrix.

"Nataka unijibu vizuri. Yule dereva, amelala vya kutosha?"

Midomo ilikuwa tayari kusema amelala, Mzee, usiwe na wasiwasi. Ndivyo ninavyowaambia abiria wote.

"Sijui," nikasema.

Akanitazama.

"Basi nenda umuulize. Na umwangalie macho."

Nimekwenda. Dereva yuko kwenye kibanda cha nyuma, anakula samaki na ugali. Konda wake akasema nimngoje amalize, mtu haulizwi maswali na mwiba mdomoni. Kwa hiyo tunangoja. Mzee amevaa soksi. Kiatu kimoja kimeingia, cha pili kinagoma. Boga ameliweka kwenye benchi, kati yetu.

Dereva anatoka sasa, anapangusa mikono kwenye suruali. Ana macho mekundu — ya moshi wa jikoni ama ya usingizi, kutoka hapa siwezi kusema.

Naenda kumtazama kwa karibu.