Moto wa Mashudu

Murungu, Kibondo
3 Juni 2024

Mwanangu Venanti,

Amahoro. Natumaini kazi ya hapo kwenye kiwanda cha mafuta Kasulu haijakumaliza mgongo. Sisi wazima, isipokuwa goti langu, nalo umeshalizoea. Binti yako Irakoze ameota jino la pili na anamng'ata kila anayemchekea.

Nakuandikia barua kwa sababu simu anakaa nayo mkeo, na haya si ya kusikiwa na mkeo. Nimempa Abbasi, yule mwenye Fuso ya mahindi, akufikishie mkononi.

Mtambo wa gesi uliotujengea unakufa. Ule moto wa buluu uliokuwa unaivisha maharage, sasa unaguna mara mbili kisha unazimika. Wala si kwamba naubania chakula. Ulisema lile shimo ni tumbo, linakula mashudu ya alizeti na kutoa gesi. Basi mimi nalilisha kama mzazi aliyetoka kujifungua. Kopo moja kwa siku niliona ni uchoyo, nikaanza kumwaga ndoo. Moto ulipopungua, nikaongeza. Wiki hizi goti limekataa kuinama, kwa hiyo nampimia mkeo Nadine ndoo mbili kila asubuhi akamwage yeye.

Je, anamwaga? Juzi nilimwona anapita nyuma ya migomba na ndoo yenye kifuniko, anaelekea kwa jirani yetu Leonidasi. Alirudi nayo, bado imefunikwa. Nikamuuliza ametoka wapi, akasema, "Hapo tu, Mama." Leonidasi ana ng'ombe, na ng'ombe wanapenda mashudu. Tena mkewe hayupo, ameenda kwao kuuguza.

Mimi sisemi kitu. Naandika nilichokiona.

Mama yako,
Vestina


Kasulu
9 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima wa mwili, lakini tangu Abbasi anipe barua yako chakula hakishuki.

Yale mashudu nayaomba kwa bosi kwa kujipendekeza, gunia kwa gunia, ili nyumbani kwangu watu wasikohoe moshi. Leo nasikia yanaliwa na ng'ombe wa mwanaume ambaye mkewe hayupo! Jana nilimpigia Nadine, nikamuuliza mtambo unaendeleaje. Akasema, "Muulize Mama." Mtu asiye na la kuficha hujibu hivyo? Nikamuuliza Leonidasi hajambo, akasema hajambo. Amejuaje?

Mchunguze, Mama. Ukimwona tena na hiyo ndoo, mwambie aende kwao Munanila mpaka nitakapokuja. Mwambie ni neno langu mimi mumewe. Sitaki kuchekwa Murungu nzima.

Mwanao,
Venanti


Murungu
17 Juni 2024

Mwanangu,

Amahoro. Hapa tunaendelea, ingawa nyumba imekuwa kimya.

Nilifanya ulivyosema. Alhamisi nilijibanza jikoni, nikamwona anatoka na ndoo. Aliporudi nilimsimamisha uani, nikamsomea barua yako. Hakulia wala hakubisha. Aliomba aishike auone mwandiko, akaisoma mwenyewe polepole mpaka mwisho, akaikunja na kuondoka nayo. Irakoze mgongoni, kifurushi kichwani. Alinisalimu vizuri wakati wa kuaga, nami nikaona huo ndio ujanja wenyewe.

Sasa sikiliza. Ameondoka Alhamisi, na Jumapili moto umewaka! Wa buluu, mrefu, hauguni. Nimechemsha chai bila kuni hata moja. Unataka ushahidi gani tena? Mwizi ametoka, gesi imerudi.

Ila nikimaliza chai sina wa kumpa kikombe cha pili.

Mama yako,
Vestina


Kasulu
21 Juni 2024

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuandika haraka. Abbasi ameshawasha gari.

Barua yako nilimwonyesha Mudathiri, yule fundi aliyetujengea mtambo. Nilidhani atacheka na mimi. Aliisoma, akaniuliza, "Mama anaweka mashudu kiasi gani?" Nikamtajia ndoo mbili. Akashika kichwa.

Anasema mashudu bado yana mafuta na yana nguvu nyingi. Yakizidi kopo moja, tumbo la mtambo linachachuka, linatoa hewa isiyoshika moto. Dawa yake ni kuliachisha kula kabisa, na kulitilia mavi mabichi ya ng'ombe kidogo kidogo mpaka lirudi. Kisha akaniuliza nani alikuwa anafanya hivyo, kwa sababu moto haurudi wenyewe kwa siku tatu. Alikumbuka kwamba siku za ujenzi Nadine ndiye aliyekuwa anamuuliza maswali. Mimi nilikuwa nazungumza na simu.

Mama, ile ndoo ilikuwa inarudi na nini? Uliwahi kuifunua? Nampigia, simu imezimwa. Kama bado hujawaambia watu, usiwaambie.

Venanti


Murungu
2 Julai 2024

Mwanangu Venanti,

Amahoro, ingawa mimi amani sina.

Sikuifunua. Kabla barua yako haijafika, Leonidasi alikuja mwenyewe na ndoo, mkewe amerudi na yuko nyuma yake. Alisema, "Nimesikia mkamwana amesafiri, nikaona nilete mavi ya leo mtambo usije ukalala." Kumbe yeye na Nadine walikuwa wanabadilishana, mashudu niliyozidisha kwa mavi ya ng'ombe wake. Mkewe Leonidasi ndiye aliyeyapanga hayo kabla hajaondoka. Niliona haya mpaka nikakaa chini.

Juzi nilienda Munanila na goti langu hili. Nadine alinipa kiti na maji. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambiaje, Mama, kwamba unakosea?" Ni kweli. Kwetu mkamwana hamsahihishi mama mkwe. Mimi mwenyewe nilimfundisha hivyo wiki aliyoingia, kwa ukali. Nikamwomba msamaha mbele ya baba yake na mama yake, na alinisamehe kabla sijamaliza kusema. Irakoze alilala mapajani mwangu.

Nikasema basi, mwanangu, funga vitu twende nyumbani. Akaingia ndani, akatoka na barua yako, ile aliyoondoka nayo. Akaiweka mkononi mwangu.

Akasema, "Wewe, Mama, uliona ndoo. Yeye aliona nini?"

Nimerudi peke yangu, nikilitafuta jibu njia nzima mpaka Murungu. Nenda Munanila ukamjibu mwenyewe.

Mama yako,
Vestina