Eti Nilisahau Sabato

Migori, Jumatatu

Kwa ndugu yangu mkubwa Mayaka,

Salamu za nyumbani zitangulie, maana nyuma yake kuna hasira, na sitaki hasira ifike kwako kabla ya salamu. U hali gani? Goti lako la kushoto limepona, au bado unalifunga kitambaa kama bibi kizee? Sisi huku ni wazima. Kikohozi cha mama kimemwachilia, anauza sokoni kama kawaida, na hizi ndizi unazopokea amekuchagulia mwenyewe. Barua nimeificha chini yake kwa sababu simu zangu hushiki, na kwa sababu mambo mengine hayafai kusikiwa na mtu aliyekaa karibu nawe.

Sasa nisikilize. Valentine, binti ya shangazi, amerudi jana kutoka Homa Bay na ujumbe wako. Ameutoa mbele ya watu, pale kwa kinyozi, huku akicheka mpaka akashika ukuta. Eti umesema mashabiki wetu waliogopa kuja kwenye mechi. Eti umesema nijifunze kusoma kalenda, maana mtoto wa nyumba ya Wasabato anawezaje kupeleka basi zima Kendu Bay siku ya Sabato na kutarajia kukaangiwa samaki. Mayaka, nilipandwa na hasira mpaka kinyozi akaweka wembe mbali. Wewe! Wewe wa kunicheka mimi!

Wacha nikueleze kazi yenyewe, maana wewe unajua kudaka mpira tu, tena siku nyingine hata hilo hulijui. Tangu uhame, mimi ndiye mtangulizi wa tawi la mashabiki wa Masara. Usione niliachia shule kidato cha pili ukadhani kazi hii inapewa mtu yeyote. Timu ikicheza ugenini, mimi natangulia siku chache mbele kutafuta baa ambayo watu wetu watakaa kabla ya mechi. Watu wanadhani ni kuingia, kuagiza soda na kuuliza kama kuna nafasi. Thubutu! Mimi naanzia chooni. Choo kikikosa maji, bia iwe baridi namna gani, natoka. Halafu naangalia kama kuna mlango wa nyuma, kama ua unatosha basi, na kama mwenye baa akiona jezi ya njano atapandisha bei. Nina koti lenye neno MTANGULIZI mgongoni, na filimbi. Yaani nilikuwa navyo. Nitafika hapo.

Mechi ya Homa Bay haikuwa mechi ya kawaida, na sababu ni wewe. Ulifungwa na hao hao Homa Bay lile goli la aibu, mpira ukakupita katikati ya miguu kama kifaranga, na kabla mwezi haujaisha ukavaa jezi yao. Watu wetu wa Masara wanaoshinda shimoni wakitafuta dhahabu hawana subira na jambo la namna hiyo. Walisema uliuza mechi, na siku tukija kwenu utalipa. Mimi nilikutetea mpaka nikatemewa mate. Je, uliliuza lile goli? Usinijibu. Kama uliliuza, kaa nalo. Nimeshaapa mbele za watu kwamba hukuuza, na sitaki kuonekana mwongo kwa ajili yako.

Basi, Jumanne nikaingia Homa Bay. Baa ya kwanza, kuinua macho tu, nakuona wewe ukutani juu ya kaunta, glavu mkononi, unatabasamu kama mtu aliyeoa jana. Mwenye baa akajisifu kwamba huyo ndiye kipa wao mpya, wamemtoa Migori ambako watu hawajui thamani ya mtu. Nilitaka kuichana ile picha. Nikaondoka bila hata kufika chooni. Baa ya pili walikubali, ila wakataka watu wetu wageuze jezi, ya ndani iwe nje. Nikawauliza kama na wao huenda kanisani wamegeuza suruali. Wakanitoa.

Ya tatu ilikuwa kwa Trizah. Shika hilo jina. Baa yake inatazamana na lango la uwanja, ukikaa ndani unasikia refa akipuliza. Choo kina maji, tena na sabuni! Ua unameza basi na bado panabaki mahali pa kuchoma nyama. Trizah ni shabiki wenu, lakini alisema mteja wa njano na mteja wa buluu kwake wanalewa sawasawa, akanipa soda ya bure na kuahidi kutuwekea ua wote. Katika kazi yangu yote sijaona baa kama ile.

Alhamisi nikaenda Masara kumpa ripoti Maurice, mwenyekiti wetu. Nikamwambia Homa Bay imejaa. Nikamwambia baa zote zimetukataa, na polisi hawataki kuona jezi ya njano mjini kabla ya mechi. Dawa, nikasema, ni Kendu Bay kwa mama mmoja anaitwa Rispa: upepo wa ziwa, bia, samaki wa kukaanga, halafu tuingie uwanjani tumeshiba kama watu wa maana. Maurice akanisifu. Watu wakalipia samaki siku hiyo hiyo. Jumamosi nikalipitisha basi njia ya Oyugis, wasiuone hata uwanja kwa mbali.

Yaliyofuata umeshayacheka. Bia ilikuwepo. Samaki walikuwepo, wamelala kwenye barafu tangu Ijumaa. Mpishi ndiye hakuwepo, alikuwa kanisani. Watu wakangoja, maana mtu wa mgodini haachi samaki aliyemlipia. Vibanda vya jirani vimefungwa, kinachosikika ni kwaya tu. Mpishi alipotokea, Biblia kwapani, Rispa akamsihi. Mpishi akasema hawashi moto mpaka jua lizame, hata aje nani. Maurice akamwita mama, akamwita dada, mwisho akamwita majina ambayo siwezi kuyaandika, na yule mama akajipepea na kitambaa akaenda zake. Rispa akajitosa jikoni mwenyewe. Samaki wakaungua nje, ndani wabichi. Watu wakala hivyo hivyo, kila tonge na tusi langu.

Basi lilipoondoka, redio ilishafika kipindi cha pili na nyinyi mlikuwa mbele bao moja. Tukiwa njiani ikatangaza tumepata penalti. Watu wote wakasimama. Halafu ikasema kipa Mayaka ameidaka. Omera, ndugu yangu, matusi niliyosikia mle ndani! Mimi niliinama chini ya kiti kama mtu anayetafuta kiatu.

Tulifika watu wenu wakitoka, wakiimba jina lako. Maurice akanivua koti pale pale langoni, akanyakua na filimbi, akasema mbele ya wote kwamba hajawahi kuona mpumbavu aliyezaliwa katika Sabato akasahau Sabato. Trizah alikuwa amesimama mlangoni kwake, ua wake mtupu, ametuwekea kweli. Alinitazama, akafungua mdomo aulize. Nikamtikisia kichwa. Akaufunga. Maurice angegeuza shingo tu, ningekwisha siku hiyo.

Tangu hapo jina langu limekufa. Soko zima linaniita Sabato. Watoto wananiita Sabato. Mama peke yake ndiye amefurahi, anadhani nimeokoka na majirani wananipongeza.

Sasa fikiri, wewe kipa wa picha za ukutani. Sisi tumelelewa na nani? Ni nyumba gani ile ambayo jiko lilizimwa Ijumaa jioni, tukala viazi baridi mpaka jua la Jumamosi lizame? Ni nani aliyechapwa kwa kukaanga yai siku ya Sabato, na ni nani aliyekwenda kumshtaki? Ni wewe ulinishtaki, Mayaka! Mimi nisahau Sabato? Ningesahau jina langu kwanza. Maurice ni Mkatoliki, yeye asijue. Valentine ni Valentine. Lakini wewe uliyekula viazi vile pamoja nami, uliamini?

Ile Alhamisi nilipofika kwa Maurice, palikuwa na gunia chini ya benchi. Nilidhani ni mahindi. Akalifungua huku akicheka. Yalikuwa mawe ya mgodi wa Osiri, yale ya shimoni yaliyotupwa kwa kukosa dhahabu, yamevunjwa saizi ya ngumi. Akanieleza mpango kama anavyoeleza mtu mipango ya harusi: watasimama nyuma ya lile goli lililo karibu na uzio uliobomoka, na wewe utakuwa umewapa mgongo. Akachagua jiwe moja, akalipima mkononi, akasema hili ni la kisogo. Kisha akaniuliza nimepata baa gani.

Jina la Trizah lilikuwa tayari ulimini. Nikalimeza.

Jioni ile nilimpigia Rispa simu, nikamuuliza kama mpishi wake anashika Sabato. Akaniomba radhi, akasema ndiyo, lakini atanitafutia mwingine. Nikamwambia asijisumbue, huyo huyo ananifaa. Na pale kwenye basi ulipodaka penalti, sikuwa natafuta kiatu. Nilikuwa nimeuma kola ya shati nisipige kelele za furaha.

Nimekasirika nawe, na bado. Nimekasirikia jezi yako, nimekasirikia ile picha, nimekasirikia kicheko chako. Nilikuwa na kitu kimoja tu ninachokijua kuliko watu wote wa Migori, na nimekiharibu kwa mikono yangu kwa ajili ya kisogo ambacho hakina hata shukrani. Haya ninayokuambia hayajui mtu mwingine, hata mama. Ile Jumamosi nilimkuta ameketi, jua lilishazama kitambo na alikuwa bado hajawasha jiko. Hakuuliza mabao. Aliuliza kama umetoka uwanjani mzima. Nikasema mzima. Ndipo akawasha.

Nisalimie wote wanaokulisha huko, na huyo msichana ambaye Valentine anamtaja kwa kunong'ona. Mama anasema ule ndizi zikiwa bado imara, na upige simu siku yoyote isipokuwa Sabato. Barua hii ukiisha kuisoma ichome, na wewe sema kwa watu kwamba mdogo wako ni mjinga, nitavumilia. Lakini usicheke. Msimu ujao watanirudishia koti, maana hawana mwingine anayejua vyoo vya mkoa huu, na gunia la Maurice bado lipo chini ya benchi. Nikisikia tena umenicheka, nitawapeleka kwa Trizah.

Ni mimi mdogo wako,
Orina