Asante Iliyonifungia Huduma

Shoga, ni mimi, hii namba ya kaka. Jirani yangu fundi cherehani anadai mama mkwe wake amekaa tangu asubuhi na kidonge cha presha mkononi, hataki kukinywa. Eti, "Sinywi mpaka yule binti aniambie."

Yule binti ndiye mimi!!

Si unajua leo huduma yangu ya kuwakumbusha wazee dawa imetimiza mwaka? Nikajitia kimbelembele, kabla ya kuwakumbusha mmoja mmoja kama kila siku, nikawatumia wote sitini na wawili ujumbe wa asante kwa mpigo. Mtandao ukaniona tapeli. Akaunti imefungwa.

Imefungwa, shoga. Na namba zao zote zimo humo humo.

Mwaka mzima sijakosa asubuhi hata moja. Hata nilipougua niliwatumia sauti nikikohoa, babu mmoja akanijibu, "Kunywa wewe kwanza." Leo ndiyo wanakosa, kwa sababu ya asante!

Huyu bibi nimemkimbilia, amekunywa huku akinisonya. Wale wengine je? Nitawafuata wapi?

Wenye mtandao nimewaandikia mara nne, hawajibu. Ya mwisho nimesema: "Nifungulieni dakika tano tu niwaambie wazee wanywe dawa, halafu mfunge hata milele."