Miaka Minne ya Kusema "Sorry"

Alhamisi, katikati ya Julai, 2006. Baridi ile ya kuvaa sweta mbili. Mawingu yamelala juu ya mtaa wetu wa Jamhuri tangu Jumatatu na jua tumelisahau.

Leo nimeacha mchezo. Hapana, hata kuacha sio. Kuacha ni mtu amekata shauri, amejiambia imetosha. Mimi umenitoka tu, vile hamu ya chakula hukutoka ukiwa na malaria. Saa moja kasorobo asubuhi nilikuwa nao. Saa moja na dakika kumi sikuwa nao.

Miaka minne.

Kama kuna mtu anasoma hapa mara ya kwanza, mimi ni Mueni, karani wa kampuni ndogo ya wapima ardhi, orofa ya tatu, upande wa Ngara, hapa Nairobi. Nina miaka thelathini na tatu na nakaa peke yangu. Kila asubuhi niko ofisini saa kumi na mbili na nusu, kabla hata askari wa mlango hajamaliza chai yake. Bosi anadhani ni bidii. Krismasi iliyopita alinisifu mbele ya wote, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Ukweli ni kwamba kompyuta ya ofisi ina intaneti na nyumbani sina hata redio nzuri.

Mchezo wenyewe ni wa mtandaoni, wa kuigiza. Unachagua utakuwa nani, askari, mwizi, mchawi, halafu unaishi kwenye nchi ya kubuni pamoja na watu wa dunia nzima. Picha ni chache, maneno ni mengi, ndiyo maana uliwezekana kwa hii intaneti yetu ya kukokota miguu. Kule naitwa Nzisa, jina la nyanya yangu, na mimi ni mganga. Watu wakipigana, mganga ndiye anawatibu. Kundi letu ni watu kama ishirini, wa Kanada, wa Brazili, wa Polandi, na mkuu wetu anajiita Jiwe. Asubuhi yangu ikianza, wengi wao bado wako jana jioni. Nilipenda sana hiyo, kwamba nafika kwao siku moja mbele.

Hii ni shajara yangu, hata kama naiweka mtandaoni, kwa hivyo wacha niseme ukweli. Kule ndiko mahali pekee nilikuwa nangojwa. Nikichelewa dakika kumi, mtu anaandika, Nzisa yuko wapi? Huku nikichelewa, anayejua ni mimi.

Sasa, ya leo. Kundi lina ukurasa wake wa kuachiana ujumbe, na kila asubuhi mimi huanza kwa kusoma waliyosema nikiwa nimelala. Jana kulikuwa na mgeni, amejiunga wiki hii, mtu wa maswali mengi. Akauliza mbona mganga mkongwe kama Nzisa anaachwa lango la kaskazini kila vita, huko nyuma kabisa, na farasi.

Lango la kaskazini ni langu tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa najivunia hilo lango. Kwa akili yangu, mtu haachiwi lango kama haaminiwi. Ukisafiri, si funguo unamwachia yule jirani unayemwamini? Basi nikaketi vizuri nisome vile Jiwe amenisifu.

Jiwe alikuwa amemjibu hivi: "Nzisa ni mtu mzuri sana, lakini kila mara mtu akifa, yeye huomba msamaha. Miaka yote hii, kila kifo anasema ni kosa lake. Tulimwonea huruma, ndio tukampa lango."

Nilisoma mara tatu. Halafu nikacheka, peke yangu, ofisi nzima ikiwa tupu. Halafu sikucheka tena.

Wewe kama ni mtu wa hapa ushaelewa. Mtu akijikwaa, pole. Akiangusha sahani, pole. Akinyeshewa, akichoka, akikaa kwa foleni ya benki tangu asubuhi, pole, pole, pole. Na tukigeukia Kizungu, pole inakuwa "sorry", ndivyo tulivyofunzwa na ndivyo kila mtu anavyosema mjini, hata bosi, hata pasta. Kwa hivyo askari wetu akikatwa na upanga, mimi huyo, "sorry". Akitumbukia mtoni na silaha zake zote, "so sorry". Nilikuwa nawapa pole. Wao, kwa Kizungu chao, walikuwa wanaona mtu anakiri makosa.

Na dalili zilikuwepo! Siku moja yule Mpolandi aliandika kwamba amemwaga kahawa kwa kompyuta yake, nikamwambia "sorry", akanijibu, hukuimwaga wewe. Nikashangaa. Kwani nani amesema ni mimi? Nikaona ni maneno tu ya Wazungu nikaendelea na kazi yangu.

Jiwe hakuandika kwa ubaya. Hilo ndilo linaniuma. Angekuwa amenitukana ningejua la kufanya, maana mimi kwa kujibu sijambo. Lakini alinihurumia, na wenzake wote wakanihurumia, miaka minne, kwa adabu, bila kuniambia.

Nikaanza kuandika maelezo. Kwetu neno hilo sio la kosa, nikaandika. Kwetu ukimwambia mtu hivyo unamaanisha nimekuona umeumia, niko hapa. Nikayasoma. Yalikuwa kweli, na yalikuwa yamechelewa, nikayafuta. Nikajaribu hata kuaga, na neno la kwanza lililonijia kwenye vidole ni lile lile. "Sorry, naondoka." Si wangesema basi, leo amekiri yote!

Kisha nikafungua lango langu, nione kama kukaa pale kutanituliza. Maandishi ya pale hayabadiliki: Uko langoni. Farasi wamefungwa. Kuna upepo.

Naapa, miaka minne nilikuwa nausikia ule upepo. Najua utacheka lakini nilikuwa nausikia. Leo nikaona ni sentensi tatu na kiashiria kinachopepesa mwishoni, kinangoja niandike kitu. Nikafunga.

Ikanishika hofu. Sio hofu ya mchezo. Nilijiuliza, nisiporudi kule, nani duniani anajua niko?

Mama yangu yuko Machakos na tunaongea Jumapili moja ndiyo, nyingine hapana. Wenzangu wa ofisini walishaacha kunialika chakula cha mchana, kwa sababu mchana pia nilikuwa na kazi zangu za uganga. Leo saa saba walipotoka sikujua niende na nani. Sikujua hata wanakula wapi siku hizi. Nikatoka peke yangu, nikatembea Ngara, manyunyu yakianza, mikono mfukoni kama mtu anatafuta anwani.

Karibu na pale wanauza mabeseni na vikombe vya plastiki kwa jumla, nikakanyaga shimo lililojaa maji. Mguu ukaingia hadi kwenye goti. Mama mmoja aliyekuwa akipanga mabeseni yake hata hakuinua kichwa, alisema tu, "Pole, siste. Umeumia?"

Nikasema hapana. Na papo hapo machozi. Yaani mimi, mtu mzima, nimesimama katikati ya mabeseni na kiatu kimoja kinatoa maji, nalia. Yule mama akaniangalia sasa. Akanipa kitambaa cha kupangusa kiatu na akarudi kwa kazi yake, akaniacha nimalize.

Nilipokuwa napangusa nikakumbuka Mama Wangechi.

Mama Wangechi ni jirani yangu, nyumba ya chini. Mimi nakaa juu ya kichwa chake kabisa. Nilipohamia Jamhuri, ndiye aliyenipandishia sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe ya moto, kabla sijafungua hata katoni moja, na kwa mwezi mzima aliniwekea ufunguo wa akiba. Mwezi wa Machi mzee wake alifariki. Niliona hema nje. Niliona viti vya kanisa. Wiki nzima waliimba jioni na mimi nilisikia kila wimbo kupitia sakafu.

Sikushuka.

Siku ya kwanza nilipita kando ya ukuta nikijiambia kesho, leo wamejaa, kesho nitakuja vizuri nimpe pole. Kesho nikasema kesho. Saa tatu lazima niwe nimelala, ili saa kumi na moja niwe nimeamka, ili niwahi kule. Jumamosi ya mazishi majirani wote wa ploti yetu walikodi gari wakaenda naye mpaka kwao Kiambu. Mimi nilikuwa na vita. Nilikuwa ofisini, langoni, na farasi.

Halafu zikapita wiki mbili, na mambo ya pole unayajua. Ukichelewa kidogo unaona haya. Ukichelewa zaidi unaanza kumhepa mtu. Nikaanza kushuka ngazi polepole nisisikike. Nimeandikia watu nisiowajua, waliopoteza damu ya kubuni, mamia ya pole. Na huyu mmoja aliye chini ya kitanda changu, aliyempoteza mume wa kweli, sikumpa hata moja.

Saa kumi na moja leo nilitoka ofisini na wengine. Askari wa mlango aliniuliza kama ninaumwa. Nikafika Jamhuri kukiwa bado na mwanga, kitu ambacho sijui mara ya mwisho kilitokea lini. Kumbe kuna mtu alipanda maua kando ya ngazi zetu! Nikapitia kioski nikanunua sukari, majani ya chai na paketi mbili za maziwa, kwa sababu huwezi kwenda kwa msiba mikono mitupu, hata msiba wa miezi minne.

Nikabisha.

Alifungua mwenyewe. Amekonda. Ameacha kupaka nywele rangi na zote ni nyeupe mbele. Aliniangalia, akaangalia mfuko wa vitu mkononi mwangu, akaniangalia tena.

"Mama Wangechi," nikasema, "nimekuja kukupa pole."

Akasema, bila hasira yoyote, "Mimi nilifikiria ulihama."

Hakuwa ananichoma. Alikuwa anasema kweli. Pazia langu halifunguliwi, miguu yangu haisikiki, hata alikuwa amewaambia watu wa kanisa kwamba nyumba ya juu iko wazi, kama kuna mtu anatafuta. Nimekaa juu ya kichwa cha mtu tangu Machi na yeye anatafutia nyumba yangu mpangaji.

Nikaomba msamaha. Hapo nilikuwa naomba msamaha kweli, na nilijua tofauti.

Aliniambia niingie, chai iko. Nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mgeni. Nikauliza tu swali la mtu ambaye hajui kitu, kwa sababu sikujua kitu: "Mzee alienda vipi?"

Nikaogopa nimekosea. Lakini aliweka kikombe chini na akaanza. Alinieleza vile mzee alikuwa ananyoa ndevu, redio ikiwa imewashwa, akaitisha taulo. Mama Wangechi akamwambia angoje amalize kukoroga uji. Mzee hakuitisha tena. Alinieleza yote, polepole, mpaka jina la daktari, mpaka shati walilomvisha, mpaka nani hakuja. Hakulia. Mimi ndiye nililia, naye akanisogezea karatasi za kupangusa.

Alipomaliza akasema kwamba Machi walikuja wengi hadi viti vikakosa. Aprili wakaja wachache. Tangu Mei hakuna anayemuuliza, na akianza kueleza mwenyewe watu husema, ndiyo, ulituambia. Wote walishasikia. Mimi tu ndiye nilikuwa sijasikia.

Tukakaa. Giza likaingia na hakuna aliyewasha taa kwa muda. Haikuwa raha, nisije nikadanganya. Kuna wakati nilitamani sana kuwa mahali ambapo mtu akianguka anaamka tena baada ya dakika tano.

Haya naandika kwenye daftari, saa mbili na nusu, nimejifunika blanketi. Kesho asubuhi nitayachapa ofisini, wakati ule ule wa kuwa langoni. Sijaaga kule. Labda Jiwe ataandika Nzisa yuko wapi, labda mgeni atapewa farasi. Nimejipima hamu ya mchezo, kama mtu anayebonyeza jino lililokuwa linauma, na bado hakuna kitu pale. Upweke ndio upo, na sasa hauna pa kujificha.

Chini nasikia akifunga madirisha.

Nilipokuwa natoka, Mama Wangechi alinisindikiza mpaka mwanzo wa ngazi. Akasema kuna kabati la mzee ambalo hajalifungua tangu Machi. Hataki kulifungua na watu wa kanisa kwa sababu wataanza kulia kabla yake, na Wangechi mwenyewe, binti yake, yuko Mombasa na hapendi vitu vya babake viguswe. Akaniuliza kama kesho jioni naweza kuja tulifungue sisi wawili.

Nikasema nitakuja.

"Saa kumi na mbili," akasema, "na safari hii usichelewe."