Mama wa Mwandoya niliyemwandikia Hapana

Bariadi, Jumatano. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi. Mashamba ya njia ya Sapiwi yamebaki vijiti vya pamba tu. Sina homa, sina msiba, lakini mwili umelegea kama wa mtu aliyetoka kulazwa.

Leo Mzee Maduhu ameachishwa kazi. Ripoti iliyomwachisha nimeiandika mimi.

Naandika hapa kwa sababu nyumbani nimeshindwa kusema. Mama ameniuliza nina nini, nikamwambia jua limenichosha.

Kwa usiyenijua, nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha sabuni hapa mjini. Ni sabuni ya miche, tunaiita Lubango, inachemshwa kwa mafuta ya mbegu za pamba. Mwenye kiwanda ni Mama Minza. Alianza na sufuria moja nyuma ya nyumba yake, na leo ana wanawake wanane wanaochemsha na kukata. Mimi ni afisa mahusiano. Cheo kikubwa, kazi yenyewe ni kuzunguka vijijini na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo chenye spika mbili juu, tukifua mashati mbele za watu minadani, tukidhamini mashindano ya ngoma, tukinawisha watoto mikono kwenye zahanati.

Nasema "tuki" kwa sababu nilikuwa na Mzee Maduhu. Yeye ndiye dereva, na yeye ndiye msemaji. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akinadi ng'ombe, na ile sauti hakuiacha kule. Akianza kuongea Kisukuma chake, wauza nyanya wanaacha mafungu yao na kusogea.

Mwezi uliopita Mama Minza aliniita ofisini. Sabuni za unga kutoka nje ya mkoa zimejaa madukani, na ya kwetu inasukumwa nyuma ya rafu.

"Kabula," akasema, "nikiweka picha kwenye simu naona watu wangapi wameitazama. Nyie mnakwenda Kiloleli, mnapiga spika, watu wanacheka, wanapiga makofi. Halafu? Mimi nataka kuijua hiyo halafu."

Lilikuwa swali la haki. Mimi nilikuwa na picha nyingi tu za watu wakicheka.

Nilijaribu kwanza kuangalia mauzo. Nikaenda kwa mwenye duka mmoja Sapiwi, nikamuuliza kama watu huulizia Lubango zaidi baada ya sisi kupita. Akanitazama kwa huruma. "Dada, pamba ikilipwa wananunua kila kitu. Isipolipwa hawanunui hata chumvi." Nikafunga daftari.

Basi nikatengeneza dodoso. Na hapa lazima nikiri jambo. Kwenye semina moja niliyowahi kuhudhuria Mwanza tulifundishwa kuchomeka jina la uongo kati ya majina ya kweli, ili ujue kama watu wanakujibu au wanakuridhisha tu. Mimi nikachomeka sabuni iitwayo Bustani. Haipo. Niliibuni nikiwa nakunywa chai. Nilifanya hivyo kwa majivuno, nionekane nimesoma. Sikufikiri hata kidogo kwamba kitu kile kingenigeuka.

Sapiwi nilianza na bibi mmoja aliyekuwa akipeta mtama. Alinitolea kiti, akaniuliza habari za wazazi, za safari, za mifugo ambayo sina. Nikamuuliza kama anaifahamu Lubango.

"Naifahamu sana, mwanangu."

"Na Bustani?"

"Hiyo nayo nzuri. Inatoa povu."

Nilicheka moyoni. Nyumba ya tano sikucheka tena. Karibu kila mtu aliijua Bustani. Kiloleli ikawa hivyo hivyo. Mwanamume mmoja aliniambia mke wake hatumii nyingine. Hakuna aliyenidanganya kwa ubaya. Mgeni amekuja kutoka mjini, ameshika karatasi, anataka kusikia ndiyo. Utamnyimaje? Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo.

Lakini kama "ndiyo" ya Bustani ni adabu, ya Lubango ni nini?

Wa mwisho alikuwa wa Mwandoya. Mama wa miaka thelathini na kitu, anaitwa Holo. Tulimkuta akianika mahindi. Hakunitolea kiti. Nilipomwamkia alimwangalia Mzee Maduhu aliyekuwa nyuma yangu, akaliacha turubai na kuja mbio, akapiga goti mbele yake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Nikamuuliza maswali yangu. Alijibu kwa Kisukuma, mimi naandika kwa Kiswahili.

"Sabuni yenu siijui. Nafulia yoyote ninayoikuta dukani. Huyu ndiye namjua."

Akamwita mtoto wa kiume aliyekuwa kivulini. "Huyu hapa. Ndiye yule."

Ndipo nikakumbuka. Ilikuwa mwaka juzi, siku ya mnada, tumezungukwa na watu wengi kuliko siku zote. Katikati ya maonyesho Mzee Maduhu alizima spika. Alikuwa amemwona mama mmoja pembeni, mtoto mgongoni shingo imelala, macho yameingia ndani. Mtoto alikuwa ameharisha siku mbili, na mama alikuwa amekuja kwanza kuuza kuku. Mzee hakuomba ruhusa. Alimpakia yule mama na mtoto wake kwenye kirikuu, akaondoka kwenda kituo cha afya, akaniacha nimesimama na beseni la povu na shati la maonyesho mkononi. Watu wakatawanyika. Alirudi jua likizama. Nilimnunia mpaka tunaingia Bariadi.

Na kwenye taarifa ya siku ile niliandika hivi: "Tukio halikukamilika kwa sababu ya dereva."

Sikumwambia hilo. Mpaka leo sijamwambia.

Njiani kurudi kutoka kwa Holo mzee alikuwa akipiga mluzi. Akaniuliza, "Umeyaandika aliyosema yule mama?" Nikasema ndiyo. Ukweli ni kwamba dodoso lilikuwa na swali: unaifahamu sabuni ya Lubango? Nikaweka tiki kwenye Hapana. Kisanduku cha kuweka yale mengine hakikuwepo. Nililitengeneza mwenyewe lile dodoso, na sikukiweka.

Jumamosi nilikaa ofisini peke yangu kuandika ripoti. Nilifuta mstari wa Bustani. Ripoti ikapendeza mara moja: watu wanaijua Lubango, safari za vijijini zinafaa, ziendelee. Nikaenda kula ugali na dagaa. Niliporudi nikaurudisha. Ningependa kuandika hapa kwamba niliurudisha kwa uaminifu. Sivyo. Niliogopa Mama Minza angetaka kuona madodoso yenyewe, na madodoso yalikuwa na Bustani kila ukurasa.

Juzi nikampa. Alisoma taratibu, miwani imeshuka puani. Alipofika kwenye Bustani aliiweka ripoti mezani.

"Kwa hiyo hatujui chochote," akasema.

Nikamweleza habari ya Holo. Niliieleza vizuri. Na yeye ilimgusa, nilimwona akifuta jicho kwa ncha ya kitenge. Kisha akasema, "Hiyo ni sadaka, Kabula. Mungu ataiona. Lakini siyo sabuni." Akageuka dirishani, wanawake wanane walikuwa nje wakikata miche. "Hao nao wana watoto."

Sina la kumlaumu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sina hata mtu wa kumchukia. Safari za vijijini zimefutwa; kirikuu kitasambaza mizigo mjini tu, na dereva wa mjini tayari yupo. Mimi nimebakizwa. Nitashughulikia ukurasa wa mtandaoni.

Leo asubuhi Mama Minza alizungumza na Mzee Maduhu kwa heshima zote. Alipotoka alikuja kwenye meza yangu. Hakukasirika. Akaomba kuona karatasi za watu walivyosema; miaka mitatu ya kuzunguka ni mingi, alitaka kujua tu. Ningeweza kusema zimefungiwa kabatini. Nikampa.

Alivaa miwani, akasoma kwa kidole. Bustani ilimchekesha, akacheka kweli, mpaka wenzangu wakageuka. Akaendelea kufungua mpaka Mwandoya. Akatafuta jina. Akaweka kidole kwenye tiki.

"Huyu si ndiye yule mama?"

"Ndiye, baba."

"Mbona hapa umeandika hapana?"

Nikaanza kumweleza. Kwamba swali lilihusu jina la sabuni, kwamba lile lilikuwa jibu sahihi, kwamba dodoso ndivyo lilivyo. Nilijisikia naongea kama mtu wa ofisi ya serikali. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana yeye humsikiliza kila mtu mpaka mwisho.

"Mimi nilidhani," akasema, "siku ile ndiyo nilifanya kazi."

Akazipanga karatasi, akazigonga mezani zikae sawa, akanirudishia. "Wabeja, mayu." Asante, mama. Mtu wa umri wa baba yangu ananishukuru mimi. Akaenda uani kuwaaga wanawake wa sabuni, na nikasikia wakimwimbia. Sikutoka.

Saa tisa Mama Minza alipita kunikumbusha picha za kesho: sabuni tatu juu ya kitambaa cha kijani, na maua kama yatapatikana. Alisema tutajua siku hiyo hiyo wangapi wametazama.

Nitazipiga. Ndiyo kazi yangu sasa, na ninaihitaji.

Jumapili baada ya ibada nimepanga kwenda nyumbani kwa Mzee Maduhu. Nataka nimwambie kuhusu ile taarifa ya mwaka juzi, yale maneno niliyoyaandika. Lakini nikifikiria najiuliza: nitakuwa nakwenda kwa ajili yake, au kwa ajili yangu, nipate kulala? Yeye ameshapoteza kazi. Je, nimnyang'anye na ule mluzi wa kutoka kwa Holo?

Sijui. Leo ni Jumatano tu.